Jiwe la Shinkolobwe na Hadithi Mbili za Dunia

Sogeeni, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haianzi mbali. Inaanza Shinkolobwe, upande wa magharibi wa Likasi yetu hapa Katanga, mahali ambapo kijana mwenye baiskeli nzuri anaweza kufika kabla jua halijawaka. Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, alikuwa akizunguka huko akitafuta madini. Akaona mawe mazito yenye rangi ya manjano. Ndani yake mlikuwa na urani.

Kampuni ya Union Minière iliyachimba na kuyapeleka Ubelgiji. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yale hadi New York, na Wamarekani wakayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la atomiki lililoangushwa Hiroshima, Japani, asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapa kwetu. Waliochimba ni babu zetu, na hakuna aliyewaambia jiwe linakwenda kufanya kazi gani. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 wa Hiroshima walikuwa wamekufa. Wanyama waliokufa hawakuhesabiwa.

Wengi wa watu wa Hiroshima hufuata dini ya Buda. Wengi wetu hapa Likasi ni Wakristo. Kwa hiyo nataka mjue hadithi zote mbili, yetu na yao: dunia ilitoka wapi, na sisi tuna haki gani juu ya udongo na wanyama.

Yetu mnaisikia Jumapili. Mungu aliumba mwanga, akatenga maji na nchi kavu, akaotesha mimea, akajaza bahari samaki na anga ndege. Mara kwa mara alitazama akaona ni vyema, na wakati huo mtu hajakuwako bado! Mto ulikuwa mwema kabla hatujaunywa. Halafu siku ya sita wakaja wanyama wa nchi kavu pamoja na binadamu. Hatukupewa siku yetu peke yetu. Tuliumbwa siku moja na mbuzi na mjusi.

Watu wakubwa wakitaka kuharibu pori hukimbilia pale Mungu alipomwambia mtu aitawale dunia. Someni sura inayofuata katika Biblia. Mtu anawekwa bustanini ailime na kuitunza, na bustani inabaki mali ya aliyeipanda. Mlinzi aliyeachiwa funguo za nyumba hana ruhusa ya kung'oa mabati na kwenda kuyauza sokoni.

Na baada ya gharika, Mungu hakufunga agano na Nuhu peke yake. Alilifunga pia na ndege, na ng'ombe, na kila mnyama aliyetoka katika safina. Tena iko hadithi ya Yona, ambayo mimi siwezi kuisoma bila kuifikiria Hiroshima. Yona alikasirika kwa sababu mji wa Ninawi haukuangamizwa. Mungu akamuuliza: nisiuhurumie mji ule wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi? Kitabu kinaishia hapo, kwa wanyama. Mungu aliwahesabu pale mtu alipowasahau.

Papa Fransisko aliliandika jambo hili mwaka 2015 katika barua yake iitwayo Laudato Si', akisema dunia ni nyumba yetu sote na kwamba kilio chake ni kimoja na kilio cha maskini. Alipofika Kinshasa, Januari 2023, aliuambia ulimwengu uiondolee Afrika mikono, kwa kuwa Afrika si mgodi wa kukombwa. Sisi tuliozaliwa kandokando ya mashimo hatukuhitaji mtu wa kutufafanulia.

Sasa ya Wabudha. Yapata miaka 2,500 iliyopita, katika nchi za Nepali na India, aliishi mwana wa mtawala aitwaye Siddhartha Gautama. Aliacha jumba lake akatafuta sababu ya mateso ya viumbe, na wafuasi wake wakamwita Buda, yaani aliyeamka. Yeye hakufundisha kwamba yuko Muumba. Hapo sisi na wao tunaachana kweli, na sitawadanganya kwamba ni jambo dogo. Lakini alisimulia jinsi dunia ilivyopata kuwa ngumu hivi.

Zamani, alisema, viumbe walielea angani wakiangaza kwa nuru ya miili yao wenyewe. Chini yalikuwa maji na giza. Juu ya maji ukatanda udongo mtamu. Mmoja akachovya kidole, akaonja. Wengine wakamwiga, kisha wakaanza kuumega kwa matonge. Nuru yao ikazimika. Ndipo jua na mwezi vikaonekana. Wakaanza kudharauliana kwa sura, na udongo mtamu ukatoweka. Baadaye ukaota mpunga usio na maganda: unaukata jioni, asubuhi umeota tena. Hakuna aliyekuwa na njaa.

Siku moja mvivu mmoja akawaza: kwa nini niende mara mbili kwa siku? Akavuna wa asubuhi na wa jioni kwa pamoja. Jirani akavuna wa siku mbili. Wa tatu akavuna wa siku nne, wa nne wa siku nane. Mpunga ukaota maganda, na ulipokatwa haukurudi. Wakagawana mashamba na kuweka mipaka. Mmoja akaiba, akapigwa. Basi wakachagua mtu wa kuwaamua, naye akawa mfalme wa kwanza.

Hakuna aliyewafukuza bustanini, mmeona? Ardhi yenyewe ilipungua kwa kadiri tamaa ilivyokua. Wabudha husema hakuna kitu kinachosimama peke yake. Kila kitu kinatokea kwa sababu ya vingine, na tendo lako husafiri mbali kuliko miguu yako. Sisi wa Likasi tunalo jiwe letu la kuthibitisha hilo.

Kuhusu wanyama wana hadithi nyingi, na ninayoipenda ni ya mfalme wa swala. Karibu na mji wa Benares, mfalme wa watu alikuwa na bustani yenye makundi mawili ya swala, na kila siku mmoja alichinjwa kwa kura. Ikamwangukia mama mjamzito. Akamwendea mkuu wa kundi lake, akafukuzwa. Akamwendea mkuu wa kundi la pili, swala wa rangi ya dhahabu. Huyo hakusema mengi. Alikwenda mwenyewe akalaza shingo yake juu ya gogo la mchinjaji. Mpishi akatupa kisu, akamwita mfalme. Mfalme akasema, "Wewe na yule mama nimewaachia." Swala akauliza, "Na wenzetu wa bustanini?" Wakaachiwa. "Na swala wa nje?" Nao. "Na wanyama wengine wa miguu minne? Na ndege? Na samaki?" Hakuinuka mpaka wote wamepewa usalama. Wabudha husema swala yule alikuwa Buda mwenyewe katika maisha ya zamani. Kwao, viumbe hufa na kuzaliwa tena, kwa hiyo mbuzi unayempiga huenda aliwahi kuwa mama yako.

Ndiyo maana amri yao ya kwanza ni kutoua kiumbe chenye uhai. Sisi Wakristo tunafundishwa kwamba mtu peke yake ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na baada ya gharika nyama iliruhusiwa. Kuku wa Noeli si dhambi. Kumtesa kuku njia nzima, amefungwa miguu kichwa chini juu ya baiskeli, hilo ni jambo jingine, na hapo mtawa wa Kibudha na padri wetu watasema neno moja.

Lakini msidhani dini peke yake inatosha kusafisha maji. Japani, nchi yenye mahekalu mengi ya Buda, ilikuwa na mgodi wa shaba uitwao Ashio. Mwishoni mwa karne ya 19 sumu yake iliingia katika mto Watarase, samaki wakafa, mashamba ya mpunga yakaharibika. Mbunge Tanaka Shozo aliwapigania wakulima miaka mingi, hata mwaka 1901 akajaribu kumkabidhi mfalme barua ya malalamiko barabarani.

Shaba, mto, samaki. Mnajua ninakokwenda. Maji ya viwanda vya Shituru hapa kwetu huelekea Lufira na ziwa Tshangalele, lile lililotokea nyuma ya bwawa la Mwadingusha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima samaki wa bonde hilo wakakuta shaba na kobalti nyingi mno. Samaki hao ndio tunaokula na bukari, ugali wetu.

Kwenye matete ya ziwa hilo anaishi ndege mdogo wa jamii ya mnana, afumaye kiota chake kwa majani. Mtaalamu aliwakamata wa kwanza mwaka 1960, na mwaka 1982 ndege huyo akapewa jina la kisayansi, Ploceus ruweti. Makao yake ni mabwawa ya Katanga hii tu; Ulaya hayuko, Japani hayuko. Mkristo atasema Mungu alimweka hapa, chini ya uangalizi wetu. Mbudha atasema ndege anategemea matete, matete yanategemea maji, na maji yanategemea anachomwaga mtu.

Mkivuka mto Panda hapa Likasi kesho, tazameni rangi ya maji. Kisha mwulizeni baba au mjomba anayefanya kazi kiwandani: maji machafu yanapitia wapi kabla ya kufika mtoni? Mwulizeni kwa heshima, msubiri ajibu.