Bia Nyeusi Haigeuki Wiski Jikoni

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa na walaji limo hili: je, bia nyeusi iliyonunuliwa dukani yaweza kuchemshwa nyumbani, mvuke wake ukakusanywa, na kilichopatikana kikaitwa wiski? Si wote wanaouliza wenye nia ya kufanya biashara. Wengine wamesikia kwamba bia na wiski zatokana na nafaka moja. Wengine wameitazama bei ya chupa ya wiski na kudhani kwamba ipo njia ya mkato. Swali hili lastahili jibu kamili, wala si katazo tupu. Katika makala haya twaeleza kinachotokea bia inapokenekwa, kwa nini kinachopatikana si wiski, ni hatari zipi zilizo za kweli, na ni hatua zipi mlaji achukue anaponunua pombe kali au anapomwona mwenziwe ameathirika.

Njia moja inayogawanyika

Ni kweli kwamba bia na wiski ya kimea huanza pamoja. Shayiri huloweshwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa. Hicho ndicho kimea. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji ya moto ili wanga wake ugeuke sukari, na hamira huila sukari hiyo ikatoa alkoholi. Baada ya hapo njia hugawanyika. Bia hutiwa hopsi, yaani maua yanayoipa uchungu na kuizuia isiharibike upesi. Kimiminika cha kutengenezea wiski kwa kawaida hakitiwi hopsi. Bia nyeusi nayo huongezewa nafaka iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua, na hiyo ndiyo inayoipa weusi wake na ladha inayofanana na ya kahawa.

Kukeneka ni kuchemsha kimiminika hadi kitoe mvuke, na kuupoza mvuke huo hadi urudi kuwa kimiminika. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, na maji kwenye nyuzi 100. Kwa sababu hiyo mvuke wa mwanzo hubeba alkoholi nyingi. Lakini rangi haipandi pamoja na mvuke. Weusi wa bia, utamu wake na sehemu kubwa ya uchungu wake hubaki chunguni. Kinachodondoka upande wa pili ni cheupe kama maji. Aliyenunua bia nyeusi kwa ajili ya weusi wake amelipia kitu ambacho mwishowe atakimwaga.

Rangi ya wiski hutoka katika pipa. Sheria ya wiski ya Scotland yataka kinywaji hicho kikae ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni, yasiyozidi ujazo wa lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 40. Katika miaka hiyo mbao hutoa rangi na harufu, na ukali wa pombe hupungua. Sehemu nyingine hupotea hewani kupitia mbao zenyewe. Kwa hiyo kilichotoka chunguni jana hakijawa wiski, hata kikitiwa sukari iliyounguzwa ili kifanane nayo.

Hesabu ya gharama

Tuchukue chupa 20 za nusu lita za bia yenye alkoholi asilimia 6. Jumla ni lita 10 za bia, zenye mililita 600 za alkoholi halisi. Hata kama lisingepotea tone, kiasi hicho chatosha lita moja na nusu ya kileo cha asilimia 40, yaani chupa 2 za mililita 750. Kwa kweli hupatikana pungufu ya hapo, kwa kuwa sehemu hubaki chunguni na nyingine huvuja pamoja na mvuke. Ongeza kuni, gesi au mkaa, na muda. Kumbuka pia kwamba bei ya kila chupa ya bia imekwisha kubeba ushuru. Mlaji na afanye hesabu hii kwa bei za dukani kwake, aone kama ile njia ya mkato ni fupi kweli.

Hatari zinazoanzia chunguni

Hatari ya kwanza ni moto. Mvuke wa alkoholi ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kulifuata jiko. Kileo cha asilimia 40 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 26 hivi, joto ambalo miji yetu ya pwani huwa nalo mchana bila jiko lolote kuwashwa. Bia nayo ina gesi na povu. Ikichemshwa ndani ya chombo kilichofunikwa, povu hupanda na kuuziba mrija. Mvuke ukikosa pa kutokea, chombo hupasuka. Jiko la nyumbani, lenye watoto wanaopita na mlango mmoja wa kutokea, halikujengwa kwa kazi hiyo.

Hatari ya pili ni vyombo. Viwanda hutumia mitambo ya shaba nyekundu au chuma kisichoshika kutu. Nyumbani na vichakani hutumika kilichopo: rejeta ya gari kuukuu, madebe yaliyolehemiwa, mapipa yaliyokuwa na kemikali. Lehemu ya aina nyingi za zamani ina madini ya risasi, na alkoholi ya moto huyabeba hadi kwenye kileo. Risasi haina ladha. Hujikusanya mwilini kidogo kidogo, ikadhuru figo, damu na ubongo, na mnywaji asijue ugonjwa wake umetoka wapi.

Hatari ya tatu ni ukali usiopimwa. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi halisi. Glasi ya mililita 200 ya pombe iliyokenekwa, ikiwa na asilimia 50, ina mililita 100. Aliyekunywa glasi hiyo amekunywa sawa na chupa 4 za bia, pengine kwa mikupuo michache. Wanaokufa kwa pombe ya namna hii si wote waliokunywa sumu. Wengine wamekunywa alkoholi ya kawaida kwa wingi kuliko mwili uwezavyo, pumzi ikazimika usingizini.

Methanoli: ukweli na uvumi

Sumu inayotajwa zaidi ni methanoli. Ni ndugu wa alkoholi ya kunywa, na hutumika viwandani kutengenezea rangi, gundi na viyeyushi. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, nayo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Mililita 10 za methanoli halisi zaweza kumpofusha mtu. Mililita 30, ambazo ni vijiko viwili vya chakula, zaweza kumuua.

Hapa ni lazima tuseme ukweli ulivyo. Bia ya shayiri iliyotengenezwa vizuri ina methanoli kidogo mno, na kuikeneka hakuizidishi ikilinganishwa na alkoholi iliyomo. Matunda kama nanasi na ndizi hutoa methanoli zaidi kuliko nafaka, kwa sababu ya utomvu ulio katika nyama na maganda yake. Lakini maafa makubwa ya pombe yenye sumu kwa kawaida hayaletwi na tunda wala nafaka. Huletwa na mtu aliyechukua kemikali ya kiwandani, kwa makusudi au kwa kutojua, akaitia katika pombe ili iongezeke na iwe kali. Mwezi Novemba mwaka 2000, jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wengi wakapoteza uwezo wa kuona baada ya kunywa pombe ya bei rahisi iliyokuwa na methanoli. Mwaka 2010 wilaya ya Kabale nchini Uganda ilipatwa na msiba wa namna hiyo hiyo. Waliokunywa hawakuwa na njia ya kujua kilichotiwa.

Uvumi umezuka kwamba zipo njia za kuitambua. Husemwa kwamba pombe ikiwashwa na kutoa mwali wa buluu basi ni salama. Methanoli nayo hutoa mwali wa buluu. Husemwa kwamba ulimi utaonya. Methanoli ina harufu na ladha zinazokaribiana mno na za alkoholi ya kawaida. Husemwa tena kwamba ukimwaga matone ya kwanza umeiondoa sumu, kwa kuwa methanoli huchemka mapema, kwenye nyuzi 65. Lakini vimiminika hivyo vikichanganyika havitoki kimoja baada ya kingine. Methanoli huendelea kutoka pamoja na mvuke mwingine hadi mwisho. Kipimo cha kuaminika ni cha maabara peke yake.

Sheria yasemaje

Nchini Tanzania, pombe iliyokenekwa bila kibali, ambayo wengi huiita gongo, ndiyo iitwayo moshi katika Sheria ya Utengenezaji na Ukenekaji wa Moshi ya mwaka 1966. Kuikeneka bila leseni ni kosa, na kukutwa nayo pia ni kosa, hata ikiwa imetokana na bia iliyonunuliwa kihalali. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku ya jumla juu ya chang'aa, lakini haikuruhusu kila mtu apike. Mtengenezaji hutakiwa kuwa na leseni na kutimiza viwango. Uganda ilikwisha kuutaka utaratibu wa leseni kwa waragi ya kienyeji tangu mwaka 1965. Mwenye nia ya kweli ya kuingia katika utengenezaji aanze kwa kutafuta ushauri wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, na la Viwango, yaani TBS, kabla ya kununua chombo chochote.

Unaponunua pombe kali

Nunua katika duka lenye leseni, na udai risiti. Tazama kizibo kama kimefunguliwa na kurudishwa. Soma lebo: jina la mtengenezaji, kiwango cha alkoholi, namba ya toleo, alama ya ubora. Kagua stempu ya kodi. Nchini Tanzania yaweza kuhakikiwa kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu ya Mamlaka ya Mapato. Kumbuka pia kwamba pombe kali katika vifuko vya plastiki, maarufu kama viroba, ilipigwa marufuku nchini Tanzania kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Anayekuuzia kiroba anakuuzia kitu kisicho na mwenyewe wa kuwajibika. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine si bahati, ni onyo.

Chupa tupu nazo zina soko. Chupa ya wiski yenye lebo na kizibo chake ni mali kwa mghushi. Kabla ya kuitupa au kuiuza, chana lebo na uharibu kizibo.

Mtu akiathirika

Dalili za methanoli hazikawii kwa kila mtu, lakini kwa wengi huchelewa saa 12 hadi 24, hasa ikiwa imenywewa pamoja na alkoholi ya kawaida. Mtu huamka akidhani ni uchovu wa pombe: kichwa chauma, tumbo lakata, atapika. Dalili ya kutilia maanani kuliko zote ni ya macho: kuona ukungu, mwanga kumsumbua, au kuona weupe kana kwamba amesimama mbele ya theluji. Kupumua kwa haraka na kuchanganyikiwa hufuata.

Mpeleke hospitali mara moja, usingoje pakuche. Ikiwa amelala fofofo, mlaze ubavu ili matapishi yasimkabe. Usimtapishe wala usimpe maziwa. Chukua chupa au mabaki ya alichokunywa. Watafute wote waliokunywa naye, hata walio wazima, kwa maana wazima wa asubuhi waweza kuwa wagonjwa wa jioni. Hospitali zina dawa ya kuizuia methanoli isigeuke asidi, na wakati mwingine hutumia alkoholi safi kwa kipimo maalumu, au mashine ya kusafisha damu. Hiyo si ruhusa ya kumwongezea mgonjwa pombe nyumbani. Mwambie daktari ukweli wote. Hofu ya kushtakiwa imewachelewesha watu ambao macho yao yangaliweza kuokolewa.

Moto ukizuka penye kileo, zima chanzo cha joto ikiwa wawezekana kufikiwa bila hatari, usikihamishe chombo kinachowaka, watoe watu nje na upige simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Kwa muhtasari

• Bia nyeusi ikikenekwa hutoa kileo cheupe, kikali, kisicho wiski.
• Kukeneka bila leseni ni kosa la jinai, na jiko la nyumbani si mahali salama pa kazi hiyo.
• Jicho, ulimi na mwali wa moto haviwezi kuitambua methanoli.
• Aliyekunywa pombe asiyoijua asili yake, na sasa haoni vizuri, ni mgonjwa wa dharura.
• Kagua kizibo, lebo na stempu. Haribu lebo na kizibo cha chupa tupu.

Bia nyeusi ni kinywaji kilichokamilika kama kilivyo kwa mtu mzima anayekunywa kwa kiasi. Akipenda ladha ya wiski, na anunue wiski iliyopimwa na kukaguliwa, hata ikiwa ni chupa ndogo. Bei yake hulipia pia miaka ya pipa na vipimo vya maabara, na hivyo viwili havipatikani katika jiko la mtu yeyote.