Bima ya duka hulipa ulichoandika

Mfanyabiashara wa mtaa wa Woodley, Nairobi, hahitaji kuelezwa hasara ya moto. Soko la Toi, hapo jirani, lilichomwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likaungua tena Machi 2019. Wenye maduka wengi wamekata bima kwa sababu hiyo. Mshangao huwapata siku ya kudai fidia.

Anza na kujua ni nini kilichokatiwa bima. Bima ya mwenye jengo hulinda jengo lake. Vyerehani, friji na bidhaa zilizo ndani ni juu yako wewe mpangaji.

Kisha tazama thamani uliyoandikisha, maana hapa ndipo wengi huumia. Tuseme duka lako lina mali ya shilingi milioni 4, lakini ili ulipe ada ndogo ukaandika milioni 2. Moto ukateketeza mali ya milioni 1. Unatarajia milioni 1, kwa kuwa haijazidi kiwango chako. Lakini mikataba mingi ina kifungu kinachosema ukikata bima ya nusu ya mali, utalipwa nusu ya hasara. Utapata 500,000, na hata hizo hukatwa kwanza sehemu ya hasara ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe.

Chanzo cha moto nacho huamua. Bima ya kawaida ya moto hulipia moto uliotokana na hitilafu ya umeme, lakini kwa kawaida huacha nje moto uliowashwa na waandamanaji. Kinga ya ghasia za kisiasa na ugaidi hununuliwa kando. Juni 25, 2024, maduka yalipovunjwa na kuporwa katikati ya jiji la Nairobi, asiyekuwa na kinga hiyo hakuwa na pa kushika.

Kumbuka pia kwamba bima ya mali haifidii mauzo unayopoteza duka likiwa limefungwa. Hiyo nayo ni kinga ya peke yake.

Kwa hiyo, hesabu bidhaa zako upya kila unapohuisha bima, na uweke nakala za risiti za manunuzi mbali na duka. Hakikisha wakala au kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Kabla ya kutia sahihi, anza kusoma ukurasa unaotaja yasiyolipwa.