Hesabu ya kilomita 18, Nsambya hadi Ggaba

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, Jumapili ya katikati ya Agosti, tulikuwa watu 14 nje ya lango la Hospitali ya Mtakatifu Francis, Nsambya, Kampala. Zilibaki wiki mbili kabla ya Mbio za Saratani za Rotary, na hilo ndilo lilikuwa zoezi letu refu la mwisho: kushuka Barabara ya Ggaba hadi ziwani, kilomita 8 hivi, kurudi, kisha kuzungukazunguka kilimani hadi saa ya mkononi iseme 18. Kijana mmoja, mgeni wa mambo haya, akauliza swali linaloulizwa kila mwaka. Nusu marathoni ni kilomita 21.1, mbona tunaishia 18? Kwa nini tusikimbie zote leo, hata 25, ili tujue kama tumeiva?

Nilimwambia ahesabu. Chukua mkimbiaji wa kilo 65 anayekwenda dakika 6 na nusu kwa kilomita. Kilomita 18 zitamchukua dakika 117. Akipiga hatua 165 kwa dakika, nyayo zake zitagusa lami mara 19,300 hivi, na kila anapotua ardhi humrudishia nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wake. Tushike 2.5. Zikijumlishwa ni zaidi ya tani 3,100 zilizopita kwenye magoti mawili kabla mtu hajanywa chai.

Chakula, ambacho ndicho watu wanachokiogopa, hakina tatizo kubwa hivyo. Kwa makadirio ya wakimbiaji, mwili hutumia kilokalori 1 kwa kila kilo kwa kila kilomita. Kwa mtu wetu hiyo ni 1,170, kama rolex, zile chapati za mayai, mbili na nusu za Kabalagala. Aliyekula matoke yake vizuri Jumamosi ana akiba ya wanga ya kilokalori 2,000 hivi kwenye misuli na ini. Hata zile 21.1 za siku yenyewe zinadai 1,370 tu, na sehemu yake hulipwa na mafuta ya mwili. Kinachoisha kwenye nusu marathoni mara nyingi si mafuta ya gari, ni tairi. Nyuzi za misuli zinachanika vipande vidogo vidogo, na kuzishona upya huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili.

Ndiyo maana ya 18, na ndiyo maana ya wiki mbili. Faida ya zoezi gumu haionekani kesho yake. Inahitaji siku 10 hivi kukomaa. Jumapili 10 zilizotangulia tulikuwa tumekimbia 8, 9, 10, 8, 11, 13, 10, 14, 16 na 12: jumla 111. Kupanda kutoka 16, iliyokuwa ndefu kuliko zote, hadi 18 ni nyongeza ya asilimia 12.5. Kuruka hadi 25 ni asilimia 56, na mwili utakuwa bado unalipa deni hilo siku ya kupanga mstari Kololo, mbio zinakoanzia. Kilomita 3 za mwisho hatuzikimbii kwenye mazoezi kwa sababu tunazipata bure siku ya mashindano: kuna umati, kuna muziki, na miguu imepumzika. Baada ya zoezi hili mbio za kila wiki hupunguzwa kama nusu, kasi ikabaki ileile. Hapo ndipo wengi huharibu, maana kupumzika kunafanana mno na uvivu.

Nikiri kwamba dakika 117 si kasi ya kutisha. Jacob Kiplimo, Mganda mwenzetu, alikimbia nusu marathoni yote kwa dakika 57 na sekunde 31 huko Lisbon, 21 Novemba 2021, rekodi ya dunia ya wakati huo. Kwa mwendo ule kilomita 18 ni dakika 49. Tulipokuwa tunarudi langoni yeye angekuwa amefanya safari yetu mara mbili, na dakika 19 za kuoga.

Tukashuka. Kabalagala huwa haijalala saa hizo, na waendesha boda walituona kama wateja waliopotea. “Ssebo, tugende!” Kansanga, Bunga, halafu harufu ya samaki na maji. Tuliondoka gizani kwa makusudi. Mtu anayekimbia anaweza kuvuta lita 60 za hewa kwa dakika, kwa hiyo kwenye dakika 117 anavuta zaidi ya lita 7,000, na siku ya kazi barabara hii ni foleni ya moshi. Jumapili alfajiri angalau magari yamelala, ingawa majiko ya mkaa hayajui Jumapili.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na kutoka pale kila njia ya kurudi ni ya kupanda. Maji ya Kampala hupita njia hiyohiyo: yanasafishwa Ggaba, yanasukumwa juu hadi matangi ya Muyenga, kilima ambacho kwa sababu hiyo kila mtu anakiita Tank Hill. Yenyewe yana pampu.

Sasa fedha, maana ndiyo hesabu iliyonisumbua zaidi nikiwa napanda. Viatu vya mbio hudumu kilomita 500 hadi 800. Chukua jozi ya shilingi 150,000 na kilomita 600: kila kilomita inakula shilingi 250. Jumapili zetu 11 pamoja na hii ni kilomita 129. Weka mbio mbili za kilomita 6 katikati ya kila wiki, unapata 261. Hizo ni shilingi 65,250 za soli iliyobaki barabarani. (Anayenunua mitumba soko la Owino asijidanganye kwamba ameokoa sana, ameuziwa kilomita ambazo mtu mwingine ameshazitumia.) Fulana ya kuingilia mbio, ambayo fedha yake huenda hospitalini Nsambya, kwa hesabu rahisi tuiweke 30,000. Maana yake barabara imetudai zaidi ya mara mbili ya tulichoipa hospitali.

Na hospitali yenyewe ilikuwa hapohapo mbele ya macho. Masista Wafransisko walifika Nsambya mwaka 1903, Mama Kevin akiwa miongoni mwao, wakaanza kugawa dawa chini ya mwembe. Tangu 2012 Rotary, pamoja na Benki ya Centenary, wamekuwa wakiwakimbiza watu kila Agosti kwa ajili ya kituo cha saratani cha hapa: kwanza wodi, kisha vyumba vya zege vya kuwekea mashine za mionzi. Vyumba hivyo si mchezo. Ili miale isitoroke, ukuta unaweza kuzidi unene wa mita 2.

Umuhimu wake Uganda iliujua kwa uchungu. Mashine ya mionzi ya kobalti iliyokuwa Hospitali ya Mulago tangu 1995 iliharibika mwaka 2016, na nchi nzima ikakaa karibu miaka miwili bila tiba ya mionzi, hadi mpya ilipoanza kazi mwanzoni mwa 2018. Sasa Mulago ina mashine kadhaa. Lakini makadirio ya 2020 yalikuwa wagonjwa wapya wa saratani 34,000 hivi kwa mwaka. Takriban nusu ya wagonjwa wa saratani huhitaji mionzi wakati fulani: 17,000. Mashine moja huhesabiwa kuhudumia wagonjwa 450 hivi kwa mwaka. Gawanya, unapata mashine 38.

Bei ya mashine moja hutofautiana sana. Tushike dola milioni 3, kama shilingi bilioni 11.1. Kwa fulana za 30,000 hizo ni fulana 370,000, na hapo hatujatoa gharama ya kitambaa wala chupa ya maji. Ukiishia hapo unakata tamaa. Ila mashine hiyo ikifanya kazi miaka 10 itakuwa imetibu watu 4,500, kila mmoja kwa shilingi milioni 2.5 kasoro kidogo za mashine peke yake. Fulana 82 kwa mgonjwa mmoja. Umati wa watu 82 nimeshauona mara nyingi kwenye barabara hii.

Mionzi nayo ina ratiba yake. Mara nyingi mgonjwa hupewa dozi ya grei 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5: mara 25, jumla grei 50. Dozi yote ikipigwa siku moja ingemuunguza badala ya kumtibu. Mwili unahitaji usiku wa kujirekebisha katikati. Sitaki kulinganisha kilomita zangu na wiki tano za mtu aliyetoka kijijini, anayetafuta pa kulala Kampala kwa ajili ya dakika chache za mashine kila siku. Yule kijana ndiye aliyelinganisha, nilipomweleza tukiwa tunapanda kutoka Kabalagala.

“Kumbe ni dozi,” akasema.

Langoni saa ilisoma 17.6. Jamaa wa wagonjwa walikuwa wanaingia na mabeseni, mikeka na chupa za chai, wakatukuta tunazunguka na kurudi kando ya ukuta tukitafuta mita 400. Mama mmoja akasimama, akatutazama, akauliza tunamkimbia nani. Kwenye 18.0 tukasimama, na kijana akafunga kamba za viatu upya, tayari kuongeza. Nikamshika mkono.