Umeme Unaporudi
Umeme wa majumbani Tanzania hukusudiwa kuwa volti 230, lakini unaporudi baada ya kukatika huweza kuyumba kwa sekunde kadhaa. Friji ndiyo huumia zaidi: kompresa hulazimika kuwaka huku gesi ikiwa bado imegandamizwa. Ndiyo maana kifaa cha kulindia friji husubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme. Kuchelewa huko si ubovu. Waya wa nyutro ukikatika kwenye nguzo ni balaa zaidi, kwani nyumba inaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Radi nayo hushinda vifaa vingi vya kinga vya dukani. Hapo dawa ni kuchomoa plagi, na waya wa antena pia, kabla radi hazijaanza. Ekstensheni ya bei poa, hata yenye taa nyekundu, mara nyingi haina kinga yoyote ndani.