Usitupe disketi za kikundi, zaweza kuokoa haki yako

KATIKA wilaya za Korogwe na Handeni mkoani Tanga, shamba huishi muda mrefu kuliko kompyuta iliyoandika hesabu zake. Mkonge huanza kukatwa miaka mitatu hivi baada ya kupandwa, kisha huendelea kukatwa kwa miaka mingi. Deni la kulima na kupanda hutembea na shamba muda wote huo.

Mkulima wa Magoma au Ngombezi anayebishania ukubwa wa shamba au makato yake huhitaji hesabu za mwanzo. Vivyo hivyo mfanyabiashara wa mahindi wa Mkata mwenye mkopo wa zamani. Kama hesabu hizo ziliandikwa kwa kompyuta miaka ya 1990, huenda zimo kwenye disketi kabatini.

Tatizo ni mashine ya kuzisoma. Kampuni ya Sony iliacha kuuza disketi mwaka 2011, na kompyuta za siku hizi hazina draivu zake. Kwa disketi ngumu za inchi 3.5, draivu ndogo ya kuchomeka kwenye USB inatosha. Zile laini za inchi 5.25 zinahitaji draivu yake, na njia rahisi ni kuiongeza kwenye kompyuta kuukuu.

Kazi yenyewe si kubwa. Waya bapa wa disketi wa kompyuta hizo hubeba draivu mbili. Ile ya mwisho, baada ya sehemu waya uliposokotwa, huwa A. Ya katikati huwa B. Fundi azime umeme kwanza, aelekeze mstari wa rangi wa waya kwenye pini namba moja, aunganishe waya wa umeme, kisha aitaje draivu mpya kwenye mipangilio ya kompyuta inapowaka. Taa ya draivu isipozimika kabisa, waya umegeuzwa.

Kabla ya kununua draivu, muulize fundi kama kompyuta hiyo inakubali draivu mbili. Nyingi za miaka ya mwisho ya disketi hukubali moja tu.

Kabla ya kusoma, zuia disketi isiandikwe: ya inchi 3.5 fungua kitundu chake cha pembeni. Ya inchi 5.25 ziba pengo la ubavuni kwa gundi ya karatasi. Yenye ukungu isiingizwe kabla ya kusafishwa, maana itachafua draivu na kuharibu nyingine.

Disketi ya inchi 3.5 hubeba megabaiti 1.44 tu, hivyo flashi moja ya gigabaiti moja humeza mamia ya disketi. Nakili mara mbili, chapa orodha ya madeni na mashamba, na nakala moja ikae nje ya ofisi.

Gharama ya fundi ichangwe na kikundi, kwani faida ni ya wote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.