Sketi ya ngoma isimuumize mtoto kiunoni

Pamba ikishauzwa, Simiyu huingia katika msimu wa ngoma. Kuanzia Bariadi hadi Maswa, Meatu, Itilima na Busega, vikundi hufanya mazoezi kwa ajili ya mashindano, harusi na sherehe za shule. Wasukuma wana ushindani wao wa tangu zamani wa Bagika na Bagalu. Siku hizi wasichana wengi hucheza pia ngoma za kiuno, chakacha ya pwani au mtindo wa Misri, ambazo huhitaji sketi pana inayofunguka mchezaji anapozunguka.

Wazazi wengi huamua kuishona wenyewe nyumbani ili kupunguza gharama. Ni uamuzi mzuri, kwani anayeshona ndiye anayechagua kitambaa na kupima kiuno. Makosa katika mambo hayo mawili ndiyo huleta muwasho, vidonda na choa.

Tatizo liko wapi?

Ngoma ya kiuno huhitaji sketi isiyoteleza, kwa hiyo watu huikaza kwa kamba nyembamba au lastiki iliyovutwa sana. Kamba hiyo husugua sehemu ileile, jasho likiwa limejaa. Kwanza ngozi huwasha, kisha hubaki na mstari mweusi, na baadaye huweza kuchubuka.

Kidonda cha aina hiyo kisipuuzwe. Mwaka 2024 madaktari wa India waliandika katika jarida la BMJ Case Reports kuhusu wanawake wawili waliopata saratani ya ngozi mahali walipokuwa wakikaza nguo kiunoni kwa miaka mingi. Tukio kama hilo ni nadra sana, na mtoto anayecheza msimu mmoja hayuko katika hatari hiyo. Funzo lake ni kwamba kidonda kisichopona kiunoni kinahitaji kuonwa na daktari.

Namna ya kushona

Chagua kitambaa cha pamba. Hunyonya jasho na kupitisha hewa kuliko poliesta. Kifue kabla ya kukikata ili kitoe rangi iliyozidi na dawa za kiwandani, na kama kitaruka, kiruke kabla hujashona.

Pima nyonga mahali sketi itakapokaa, kisha ongeza sentimita 4. Gawanya jibu kwa 6.28. Mtoto mwenye nyonga ya sentimita 84 atapata 88, na ukigawanya utapata 14. Chukua vipande viwili vya kitambaa, kila kimoja mita 2. Kunja kimoja katikati ya urefu wake. Kutoka kwenye kona ya mkunjo, chora tao la sentimita 14. Kama sketi ni ya urefu wa sentimita 70, chora tao la pili kwenye sentimita 84 na uongeze 2 za pindo. Kata, fanya hivyo kwa kipande cha pili, kisha unganisha ubavuni. Acha nafasi kidogo ya mshono kwenye kila ukingo.

Itundike usiku mzima kabla ya kupinda, kwa sababu kitambaa kilichokatwa duara hushuka bila usawa. Pindo liishie juu ya kifundo cha mguu ili mtoto asijikwae.

Kiunoni weka mkanda wa kitambaa wenye upana wa sentimita 4 au zaidi, na lastiki pana ndani yake. Mpime mtoto akiwa amekaa na amekula, si akiwa amesimama na kuvuta tumbo ndani. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila shida. Akivua sketi, tazama ngozi: alama ikibaki muda mrefu, ilegeze.

Vishaufu vya chuma vishonwe juu ya kitambaa, visiguse ngozi. Vingi vina nikeli, ambayo huwasha watu wengi. Njuga za miguuni nazo zivaliwe juu ya soksi. Hesabu sindano na pini kabla mtoto hajaijaribu.

Sketi ya kikundi

Sketi inayovaliwa na watoto wengi bila kufuliwa huweza kusambaza choa na upele. Ifuliwe na kuanikwa juani kila baada ya kuvaliwa, na kila mtoto avae nguo yake ndani.

Mtoto mwenye ualbino avae blauzi ya mikono mirefu na kofia pana, na mazoezi yake yawe asubuhi mapema au jioni. Mjamzito asijibane tumbo hata kidogo. Mwenye kisukari achunguze kiuno chake kila siku, maana kidonda chake hupona polepole.

Lini uende hospitali?

Usikimbilie krimu za dukani zenye steroidi. Hutuliza muwasho kwa siku chache, huku choa kikienea chini yake. Nenda zahanati au kituo cha afya ukiona upele wa duara unaopanuka, usaha, homa, au muwasho unaozidi usiku na kuwapata wengine nyumbani. Kidonda ambacho hakijapona kwa wiki mbili, au kinachoota nyama, kionwe na daktari hospitalini. Mtu aliyechomwa na sindano yenye kutu aulizie chanjo ya pepopunda siku hiyohiyo.

Na mtoto akisema sketi inambana, msikilize. Kufumua mshono ni kazi ya dakika chache, kutibu kidonda ni ya wiki nyingi.