Jinsi ya Kukagua Kazi ya Mwashi

Likizo iliyopita nilikuta nyumba yetu inatengenezwa. Baba alikuwa amepatana na fundi apige lipu kuta za zamani na kumwaga sakafu ya saruji. Fedha zenyewe ni za mauzo ya mahindi ya mwaka mzima, kwa hiyo halikuwa jambo dogo. Theluthi ya mwisho ya ujira ingelipwa kazi ikishakaguliwa. Baba akaniambia, "Wewe unasoma hesabu. Kague, lakini usimdhulumu mtu."

Wasomaji wapenzi, kazi hiyo haihitaji vyombo vya thamani. Kwanza, nilifunga jiwe katika uzi likawa timazi, nikauning'iniza karibu na ukuta. Nafasi kati ya uzi na ukuta ikiwa sawa juu na chini, ukuta umesimama wima.

Pili, usiku niliweka taa ubavuni mwa ukuta. Mwanga wa namna hiyo huonyesha kila kibonde na kinundu kwa kivuli chake, hata vile visivyoonekana mchana.

Tatu, nilipima pembe za chumba. Kutoka pembeni weka alama futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Baina ya alama hizo pakiwa na futi 5 kamili, pembe ni mraba. Hii ndiyo ile kanuni ya Pythagoras tuliyofundishwa darasani.

Nne, nilikwaruza sakafu kwa msumari. Ikitoka unga mwingi, huenda saruji ilikuwa haba au ilinyimwa maji. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, bali kwa kushikana na maji. Ndiyo maana yafaa iloweshwe siku 7 au zaidi.

Mwisho, niligonga lipu kwa sarafu. Palipo pazima hulia kwa mlio mzito. Palipoachana na ukuta hulia kama debe tupu.

Kuta zilikuwa wima na sakafu ngumu. Pembe moja ilikosa nusu inchi, lakini kosa hilo lilikuwa la ukuta wa zamani, si la fundi. Ila chini ya dirisha, mahali pa ukubwa wa sinia, palilia debe.

Fundi alikasirika. "Mtoto wa shule ndiye wa kunihukumu?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, sikuhukumu. Tafadhali gonga mwenyewe." Akachukua sarafu, akagonga, akanyamaza. Kisha akabandua pale, na chini yake tukaona chokaa ya zamani ambayo haikukwanguliwa. Lipu haishiki juu ya chokaa laini.

Alipatengeneza upya bila kudai malipo, na baba akamlipa ujira wake wote. Nilimsifu kwa zile kuta nyingine, maana zilistahili sifa. Ukaguzi wa haki hutaja kosa, na kazi njema pia huitaja.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne